Farasi wa Kulia

Ottokar Navratil alikuwa na shauri lake la kwanza kwa kila mgeni aliyepanda gari lake la farasi. "Tukifika mbele ya kanisa kuu," alisema akiwa amewapa mgongo, "msitazame mlango. Tazameni paa." Kisha aliwasimamisha farasi mahali ambapo vigae vya rangi vinaonekana vyote, akanyamaza. Wageni wengi walikuwa wameshapiga picha ya mlango na walitaka kuendelea. Aliwaacha wangoje. Kwa tabia hiyo wenzake wa kwenye foleni ya magari walimbandika jina la Polepole, na kwa kuwa katika kazi ile hakuna asiyebandikwa jina, lilimganda kwa miaka thelathini na moja.

Mashauri yake mengine nayajua kwa sababu aliyatoa mbele yangu. Ninafundisha historia ya jiji kwa wale wanaotaka leseni ya kuendesha magari ya farasi hapa Vienna, na kila masika nilimwalika aje azungumze na wanafunzi wangu. Alikuja na kofia yake nyeusi ya mviringo, akaiweka juu ya meza yangu bila kuomba ruhusa.

"Waambieni wageni wafike kabla ya saa tatu asubuhi, mawe yakiwa bado baridi," aliwaambia. "Waambieni maji ya bomba hapa yanatoka milimani, wasipoteze hela kwa maji ya chupa. Wasile mahali palipobandikwa picha za chakula mlangoni. Mgahawani, wakiagiza kikombe kimoja cha kahawa wakae nacho mpaka wachoke wenyewe. Mhudumu akiwanunia wasiudhike, anamnunia hata mama yake mzazi. Opera wanunue tiketi ya kusimama, wafunge skafu kwenye chuma cha kuegemea, nafasi ni yao. Na asiyeweza kulipia gari langu apande tramu azunguke. Mji ni uleule."

"Unawafukuza wateja wetu, mzee!" mwanafunzi mmoja alipiga kelele.

"Ninawafukuza wanaokuja kuangalia saa. Wanaokuja kuangalia mji watanirudia."

Shauri la mwisho halikuwahusu wageni. Aliliweka mpaka wanafunzi wameanza kufunga mikoba. "Farasi wawili wa gari moja ni kama mkono wa kulia na wa kushoto. Wa kulia ni wa kulia mpaka afe. Anayewabadilisha pande ni mpumbavu, au ni mtu mwenye kitu cha kuficha." Aliwahi kumtukana Rudi Swoboda, mwenzake wa foleni, mbele ya watalii, kwa sababu Swoboda aliwabadilisha farasi wake asubuhi moja baada ya kulewa jana yake.

Farasi wake mwenyewe walikuwa majike wawili wa kijivu. Liesl alivuta kushoto, Zenzi kulia. Zenzi alikuwa amekwenda upande wa kulia kwa miaka kumi na moja, kando ya njia ya waendao kwa miguu, karibu na mikono ya watoto na harufu ya lozi za kukaanga. Upande wa kushoto, upande wa magari na tramu, Liesl ndiye aliyekuwa ukuta wake.

Farasi hawakuwa mali ya Ottokar. Mwenyewe alikuwa Hermine Stadlbauer, mwanamke wa miaka sitini aliyerithi mabanda kule Simmering, pembeni mwa jiji, kutoka kwa baba yake. Kwa namna yake alikuwa mtu wa haki. Aliwalisha farasi vizuri na hakumpunja mtu mshahara. Lakini farasi aliyezeeka hakumlisha. Mapema Juni alimsimamisha Ottokar mlangoni mwa banda.

"Zenzi ana miaka kumi na saba," alisema. "Mimi sina nyumba ya wazee hapa."

"Mwache amalize msimu, bosi."

"Halafu?"

"Halafu nipe mimi. Dada yangu ana malisho kule juu, mpakani na Wacheki. Nimpeleke, mimi mwenyewe nistaafu, nimfuate."

Hermine alifunga komeo la banda. "Mpaka tarehe thelathini Septemba. Lakini sikiliza. Akikosa siku moja kwa ugonjwa, au daktari wa mifugo wa jiji akimwondoa barabarani, Jumatatu inayofuata anapanda lori. Usije kunililia."

"Sijawahi kukulilia."

"Ulilia alipokufa yule dume wa kahawia."

"Yale yalikuwa mafua."

Lori la Jumatatu lilikwenda kwa mchinjaji. Katika mji wetu nyama ya farasi huliwa kibandani, ndani ya mkate, kwa haradali, na hakuna anayeona haya. Ottokar naye aliila tangu utoto. Baada ya siku ile hakuila tena. Alimpigia simu dada yake, Rosl, na Rosl, mjane wa miaka sabini, akaanza kutengeneza uzio.

Juni ilipita, Julai ikapita. Katikati ya Agosti Zenzi alianza kuutegea mguu wa mbele wa kulia. Hakuchechemea wazi. Ilikuwa kama mtu mwenye kokoto ndani ya kiatu ambaye hataki kuaibika mbele za watu. Ottokar alimwosha mguu kwa maji baridi kila mchana, akaufunga kitambaa chenye siki, akakifungua kabla ya kurudi kwenye foleni. Kilichotakiwa kilikuwa wiki mbili za kupumzika tu, na wiki mbili za kupumzika ndizo hasa Zenzi hakuwa nazo.

Hapa sitampunguzia lawama. Njia zilikuwepo. Angeweza kumwendea Hermine na kumweleza ukweli, na mwanamke yule, kwa ninavyomjua, angefoka kwa saa nzima kisha angekubali. Angeweza kuwaambia wenzake wa foleni, ambao kwa matusi yao yote wasingekataa kuchanga. Angeweza kuniambia mimi. Mtu aliyekuwa na shauri kwa kila mgeni aliyeshuka kwenye treni hakumwomba yeyote shauri. Alikuwa amejizoesha kuwa yule anayejua, na aliona afadhali kudanganya kuliko kuuliza.

Tarehe tisa Septemba, Jumanne, niliwaleta wanafunzi wangu kwenye foleni kando ya kanisa kuu waone jinsi magari yanavyopangwa. Gari la Ottokar lilikuwa la kwanza. Niliona kabla sijafika.

"Ottokar," nikasema, "Zenzi yuko kushoto."

"Ninaona, Bwana Profesa." Mimi si profesa, nina stashahada tu, lakini katika mji wetu mwenye miwani huwa profesa na mwenye tai huwa mkurugenzi.

"Kwa nini?"

"Leo tu. Daktari anapita leo. Akipita, ninawarudisha."

Nikaelewa. Daktari wa jiji hukagua akitembea kando ya barabara, kwenye njia ya waendao kwa miguu, na miguu anayoiona vizuri ni ya farasi wa kulia. Akitilia shaka ndipo huomba farasi atembezwe. Liesl mwenye miguu minne mizima alikuwa amesimama pale kama pazia, na nyuma yake, upande wa barabara, Zenzi alikuwa ameupumzisha mguu wake mbaya kwenye ncha ya kwato. Masikio yake yalikuwa yanazungukazunguka.

Swoboda, kwenye gari la pili, alikuwa anatafuna tufaha. "Polepole! Umewabadilishia wake zako vitanda?"

"Angalia wako."

"Mimi nikibadilisha natukanwa mbele ya watalii wa Japani. Wewe ukibadilisha ni sayansi, eh?"

"Rudi, nakuomba."

Nilimfahamu Swoboda kwa miaka kumi na minane, na sikuwahi kumwona akikatishwa mzaha. Lakini aliposikia Ottokar akisema "nakuomba" alilitupa lile tufaha ndani ya ndoo na kuwageukia farasi wake.

Daktari alikuwa magari matano nyuma, hatua thelathini kutoka nilipokuwa. Ningeweza kumwita. Ninawafundisha vijana kwamba anayeona kosa na kunyamaza amelitia sahihi. Nilitazama saa yangu, nikawaambia wanafunzi twende tukaone upande wa pili wa kanisa. Sina la kujitetea. Zilikuwa zimebaki siku ishirini na moja, nami nilikuwa nimezihesabu pamoja naye.

Daktari alifika, Swoboda alinisimulia baadaye. Alimkagua Liesl mguu kwa mguu, akamfikia Zenzi kwa mkono juu ya mgongo wa mwenzake, akampapasa shingo. "Mabibi wamependeza leo," akasema, akaandika, akaenda zake.

Kama Ottokar angeteremka pale na kuwarudisha farasi mahali pao, ningekuwa ninaandika habari nyingine. Lakini kuwabadilisha kunachukua dakika kumi, na daktari alikuwa bado anaonekana, akiongea na mtu penye kona. Na hapo wakaja mume na mke wazee kutoka Linz, Bwana na Bibi Wiesinger, wakasimama mbele ya gari la kwanza, kama inavyopaswa. Gari la kwanza hupakia, au hurudi mwisho wa foleni. Ottokar hakuwahi kurudi mwisho wa foleni.

Yaliyofuata nimeyapata kwa Bibi Wiesinger, ambaye aliniandikia barua mbili, na kwa Swoboda, aliyepata abiria mara moja na kuwafuata kwa nyuma.

"Tulikuja hapa kwenye fungate yetu, miaka arobaini iliyopita," Bibi Wiesinger alimwambia Ottokar. "Mvua ilinyesha siku zote tatu. Hatukuona kitu."

"Uliona kitu," mumewe akasema. "Uliona dari ya hoteli."

"Herbert! Mbele za watu!"

Ottokar alicheka, Bibi Wiesinger anasema, kicheko cha mtu aliyetoka kwa daktari na kuambiwa hana ugonjwa. Akawaonyesha paa. Hawakuuliza saa ngapi, hawakupiga picha. Walitazama mpaka shingo zikauma. Nadhani hilo ndilo lililomponza. Wageni wa namna ile alikuwa hawapati hata mmoja kwa mwezi, na akaamua kuwapa mzunguko mzima.

Akawapitisha njia nyembamba, akawaambia wasukume milango mikubwa ya nyumba za zamani hata kama haina maandishi, kwa sababu nyuma yake kuna nyua ambazo hakuna kitabu kinachozitaja, na anayeingia kwa adabu hafukuzwi. Akawaambia makumbusho waingie moja tu kwa siku, na ndani yake watazame picha tatu, wakae mbele ya kila moja. Akawaambia Jumapili wachukue tramu mpaka makaburi makuu, wakae huko na wafu, maana huko ndiko watu wa mji huu wanakokuwa wachangamfu. Bwana Wiesinger aliandika yote kwenye karatasi ya mgahawa. Karatasi hiyo ninayo, mke wake alinitumia pamoja na barua ya pili.

"Na farasi je?" Bwana Wiesinger aliuliza. "Huyu wa kushoto mbona hatulii?"

"Ana wivu," Ottokar akasema. "Leo mwenzake amepewa upande wa wanaume."

Ule ulikuwa mzaha wake wa mwisho kazini.

Wakavuka uwanja wa ikulu ya zamani, wakatoka chini ya lango kubwa la nje, na kukata kulia kuingia barabara ya mzunguko. Pale reli za tramu zinapita. Kwa miaka kumi na moja Zenzi alikuwa amezivuka akiwa na mwili wa Liesl upande wake wa kushoto. Tramu zilikuwa sauti tu, kule ng'ambo ya mwenzake. Sasa tramu ilikuja ubavuni pake mwenyewe, ikapiga kengele, naye hakuwa na kitu kati. Vifuniko vya macho vinamzuia farasi kuona. Havimzuii kusikia.

Aliruka kuelekea kulia, alikozoea kukuta nafasi na watoto, akamgonga Liesl. Liesl, ambaye hakuwahi kusukumwa kutoka upande ule, alisimama imara kama ukuta aliokuwa. Zenzi akarudi nyuma kwa nguvu, na mguu wake mbaya ukatua kwenye reli.

Swoboda anasema alisikia mlio wa mguu ukivunjika kutoka magari mawili nyuma.

Tramu ilifunga breki na haikumgusa mtu. Abiria wote wawili walishuka salama. Ottokar alikuwa chini tayari, ameketi barabarani kwa suruali yake ya kazi, kichwa cha Zenzi mapajani, anamvua vifuniko vya macho. Mtu mmoja alikuwa anachukua video. Swoboda akamwendea, akasimama mbele yake, akafungua koti lake kama mbawa, na kila alikohamia yule mtu Swoboda alihamia naye.

Daktari alikuja akikimbia, yuleyule, kwa kuwa hakuwa amefika mbali. Aliupapasa mguu. Kisha akatazama mkanda wa kumfungia garini, akatazama Liesl aliposimama, akatazama tena. Hakuwa mjinga.

"Huyu ndiye wa kulia," akasema.

"Ndiye," akasema Ottokar.

"Alikuwa anaumwa tangu lini?"

"Agosti. Katikati."

"Ungeniambia ningempa wiki mbili."

"Wiki mbili zilikuwa lori, daktari."

Daktari akafungua mkoba wake, akachoma sindano. Ilichukua dakika chache. Bibi Wiesinger anaandika kwamba Ottokar alikuwa anamsemesha farasi, naye akasogea kwa kudhani anamuaga, akasikia ni njia: tunapita hapa, tunakata pale, hapa tunasimama watazame paa.

Swoboda, kwa kukosa la kusema, alisema, "Angalau hataliwa. Akishachomwa dawa haliwi."

"Nenda zako, Rudi," Ottokar akasema. Halikuwa tusi.

Wakamwaga mchanga, tramu zikaendelea. Mchana ule foleni ilikuwa palepale.

Hermine hakumfukuza, kwa kuwa Ottokar mwenyewe alirudisha leseni siku ya pili na kofia pia, ingawa kofia ilikuwa yake. "Ungeniambia," Hermine alisema, na aliponisimulia mimi alikuwa bado na hasira iliyokosa mahali pa kukaa. "Unafikiri ningempandisha kwenye lori? Kwa mguu uliovimba? Ningefoka, basi. Yeye alinijua mimi kwa makelele yangu tu!" Labda alisema kweli. Labda alijidanganya. Hilo halitajulikana tena, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza wakati wa kuulizwa.

Liesl walimrudisha kushoto, na upande wa kulia wakamfunga farasi mwingine. Hakutaka kwenda. Alivuta mpaka penye lango la banda, akasimama, akageuza kichwa kulia, akamtazama yule mgeni. Walijaribu wiki mbili. Jumatatu ya mwisho ya Septemba lori lilikuja, na nafasi iliyokuwa ikimngojea mmoja ikajazwa na mwingine.

Tarehe thelathini Ottokar alinipigia simu. Aliniuliza kama nina nafasi ya kusafiri naye kwa dada yake. Tulipanda treni, kisha basi, kisha tukatembea. Njiani nilitaka kumwambia kwamba nilikuwa hatua thelathini kutoka kwa daktari. Nilimwambia. Alisikiliza, akaitikia kwa kichwa, akasema, "Ungemwita, ningekuchukia mpaka leo, Bwana Profesa. Na Zenzi angekuwa hai mpaka Jumatatu ya lori." Sikupata faraja wala karipio.

Rosl alikuwa amesimama penye lango la malisho. Lango lilikuwa limepakwa rangi ya kijani, mbichi bado, na alikuwa ameinua vidole vyake visiguse aproni. Kando yake palikuwa na ndoo yenye maji. Kwa brashi ileile alikuwa ameandika juu yake: ZENZI.

Aliangalia barabara nyuma yetu.

"Lori liko nyuma?" akauliza. "Mmetangulia kwa miguu?"

Ndipo nikajua kwamba Ottokar hakuwa amemwambia. Wiki tatu, simu kila Jumapili, na hakuwa amemwambia. Ottokar alinitazama. Nilikuwa nimeshanyamaza mara moja mahali pasipofaa, na sasa nilinyamaza mahali panapofaa. Lilikuwa neno lake, si langu.

"Nilimbadilisha upande, Rosl," akasema.

Rosl alikulia kwenye farasi kama yeye, na baba yao alikuwa mkokota magogo msituni. Hakuhitaji maelezo mengine.

"Wewe?" akasema. "Wewe uliyenichapa kwa hatamu nilipokuwa na miaka tisa, kwa sababu nilimfunga Bruno kushoto?"

"Mimi."

"Na amekufa."

"Amekufa."

Upepo ulikuwa unavuma, na malisho yalikuwa mazuri kweli, majani marefu, uzio mpya kuanzia kijito mpaka ukingo wa msitu, nguzo baada ya nguzo, kazi ya mwanamke mmoja wa miaka sabini kwa majira yote ya joto. Ottokar aliweka mkono juu ya nguzo ya kwanza, akaijaribu.

Rosl aliinama, akaishika ndoo kwa mikono miwili, akamwaga maji yote chini, taratibu, mpaka tone la mwisho. Akaigeuza chini juu kando ya lango.

"Basi la kurudi," akasema, "linapita saa kumi."